Uzito wa Kiti cha Pili

Gari lilikuwa liuzwe mwezi wa kumi, na hilo halikuwa na mjadala. Mama mkwe wake Munakata Yasuji alikuwa anatoka hospitali akiwa kwenye kiti cha magurudumu, anakuja kukaa kwao katika mji wa Ota, na nyumba yao ilikuwa na nafasi moja tu ya kuegesha. Huna nafasi ya kuegesha, polisi hawakupi hati, na bila hati humiliki gari. Sasa gari la michezo la viti viwili, lililo chini kiasi kwamba kuliingia ni kama kuingia kwenye beseni la kuogea, litambebaje kikongwe? Ilibidi litoke, lipishe gari la mlango mpana. Yasuji alikubali shingo upande, mezani, kwa kusema "sawa", kisha akaendelea kula wali wake.

Alichobaki nacho moyoni ni kibao.

Kule mlimani, kwenye kiwanja kidogo cha mbio ambako yeye na wenzake walikwenda Jumapili moja kila mwezi, ukuta wa ofisi ulikuwa na misumari, na kila msumari ulining'iniza kibao cha mbao chenye jina. Mke wa mwenye kiwanja ndiye aliyeviandika kwa brashi na wino. Hupati kibao mpaka uzunguke kiwanja kwa gari la injini ndogo chini ya sekunde arobaini na tano, na kikishatundikwa hakishuki hata ukifa. Iizuka, fundi na rafiki yake tangu shuleni, alikuwa na chake tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Yasuji alikuwa amekikosa mwaka hadi mwaka kwa sekunde isiyotimia. Watu wanaocheka jambo hili ni wale ambao hawajawahi kukosa kitu kwa kidogo namna hiyo.

Sasa ilikuwa imebaki Jumapili moja. Ijumaa inayofuata mnunuzi angekuja na lori.

Mshahara wa Yasuji, kama wa wanaume wengi pale kiwandani alikofanya kazi, uliingia mikononi mwa mkewe, Fumie, naye akampa mumewe posho ya mwezi. Kutokana na posho hiyo, kwa kujinyima kahawa ya kopo na bia ya baada ya zamu, alikuwa amejiwekea yeni laki moja. Alikwenda nazo kwa Iizuka, kwenye gereji yake iliyo pembeni ya mashamba ya mpunga, akiwa bado na sare ya kazi na macho mekundu ya zamu ya usiku.

"Nataka ekzosi," alisema.

"Unataka kelele," alisema Iizuka kutoka chini ya gari la mtu mwingine.

"Usinianze."

"Nakuanza mapema tumalize mapema. Ekzosi kwenye injini yako itakuongezea nguvu ambayo hata wewe hutaisikia, ila jirani yako ataisikia vizuri sana. Kila siku naletewa magari yananguruma kama simba, yakifika kwenye kona yanapitwa na vigari vya sokoni."

"Basi turbo."

"Kwa laki moja? Nitakuchorea picha yake, ubandike kwenye boneti."

"Shokapu mpya."

"Hapo sasa unaongea. Lakini pesa yako inanunua mbili, na gari lina magurudumu manne. Au siku hizi unakata kona za kulia tu?"

Yasuji akakaa juu ya tairi kuukuu. Alikuwa amechoka, na utani wa Iizuka, ambao siku nyingine ungemchekesha, ulimpita masikioni kama taarifa ya hali ya hewa. Iizuka alitoka chini ya gari, akamwangalia, akaacha utani.

"Sikiliza, bwana. Injini iache. Nunua matairi laini, manne. Nunua pedi za breki za mbele, tubadilishe na mafuta ya breki, maana yale yamechakaa yanachemka mapema. Pembe za magurudumu nitakupimia mwenyewe, utaninunulia tambi siku ukiwa nacho. Gari lote linagusa lami kwa vipande vinne tu, kila kipande kama kiganja. Pesa kidogo iweke hapo. Mengine yote ni mapambo."

"Itatosha?"

"Itakaribia. Ukitaka itoshe, punguza uzito. Hiyo ni bure." Iizuka aliangalia tumbo la rafiki yake. "Hilo halitoki mwezi huu. Toa tairi la spea, jeki, zulia. Na kiti cha abiria. Bolti nne tu. Ila siku ya kuuza ukirudishe, kadi ya gari inasema watu wawili. Kuna mtu anakikalia?"

Zamani Fumie ndiye aliyekuwa akikikalia, kila mwezi, na chupa ya chai ya shayiri katikati ya miguu. Halafu mtoto wao Kanae akaanza masomo ya jioni, halafu Fumie akapata kazi kwenye kiwanda cha kufungasha vyakula vya mchana, halafu mama yake akaanguka bafuni. Hakuna aliyetangaza kwamba ameacha kwenda. Iliisha tu, kama sabuni inavyoisha.

"Hakuna," alisema.

Jumamosi jioni alikitoa kiti. Hakupata pa kukiweka, akakiegemeza ukutani pale mlangoni panapovuliwa viatu. Fumie alirudi kutoka hospitali, ambako alipitia kila siku akitoka kazini, akakikuta. Akakizunguka, akavua viatu.

"Nimerudi."

"Karibu."

Akapika. Wakala. Wakati wa kuosha vyombo aliuliza, mgongo ukiwa kwake, "Kesho unatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Haya."

Yasuji alidhani anauliza ili ajue kelele ya injini itamkatizia usingizi saa ngapi. Watu wakikaa pamoja miaka mingi hufika mahali wanaona aibu kuulizana, kana kwamba kuuliza ni kukiri kwamba hamjuani. Katika nchi yao wamelifanya jambo hili kuwa heshima, na nyumba nyingi zimepoa kwa ajili yake.

Alfajiri alipotoka nje, Fumie alikuwa amesimama kando ya gari. Alivaa shati la mikono mirefu na suruali, kama sheria za kiwanja zinavyotaka. Kwapani alikuwa na helmeti yake ya zamani, mkononi mfuko wa matonge ya wali. Alikuwa anaangalia ndani ya gari, pale penye bati tupu na mashimo manne.

"Nitakaa wapi?" aliuliza.

"Mama Kanae, ulikuwa unakuja?"

"Wifi anakwenda kwa mama leo. Nilimwomba tangu mwezi uliopita, ni siku ya mwisho ya gari."

"Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema unang'oa kiti?"

Wote wawili walikuwa na haki, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na la kuongeza. Fumie akahamisha mfuko mkono wa pili. "Si neno, Baba Kanae. Acha nirudi ndani, nitalala," alisema, na katika sauti yake hamkuwa na hasira hata chembe. Hilo ndilo lililomchoma Yasuji.

"Ngoja," alisema.

Akakirudisha kiti. Fumie alimpokeza bolti moja moja. Na hata hapo, akiwa amepiga magoti, uso umemwiva kwa aibu, kichwa chake kilikuwa kinajumlisha: uzito wa kiti, uzito wa mke, helmeti, matonge. Kichwa cha mpenda magari hakina adabu, kinapiga hesabu hata mazishini.

Kule mlimani Iizuka aliwaona wakishuka, akashika kiuno. "Shemeji. Nimehangaika wiki nzima kupunguza uzito wa gari hili, halafu wewe unapanda na..."

"Malizia, nikusikie."

"...na chakula. Nilitaka kusema chakula."

Asubuhi abiria waliruhusiwa kiwanjani. Yasuji alizunguka mara kadhaa kupasha matairi, akayasikia yakiuma lami kwa namna ambayo hakuwahi kuisikia. Gari lilikwenda linakotumwa. Pedi mpya zilishika mapema. Fundi alikuwa na haki yake ya kujisifu. Hata hivyo saa ya kiwanja ilipompimia muda, alikuwa palepale alipokuwa miaka yote.

"Bado unaogopa," alisema Fumie walipoingia kupumzisha gari.

"Wapi?"

"Kona ya tatu, ile inayotazama bondeni. Unaachia mafuta, halafu unajuta unakanyaga tena, halafu ndiyo unashika breki. Mwili wangu unakwenda mbele mara mbili. Ulikuwa hivyohivyo Kanae akiwa darasa la pili."

"Sasa siku zote hizo hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulininunia mpaka katikati ya wiki."

Yasuji alicheka, na kicheko kilimtoka vibaya, kama mtu aliyesahau namna yake. Walirudi kiwanjani. Kwenye kona ya tatu aliuacha mguu palepale kwenye mafuta, bonde limemkodolea macho. Fumie alikuwa ameshika mkono wa mlango na kutulia. "Bado," alisema. "Bado. Haya sasa." Akakanyaga breki mara moja tu, gari likainamisha pua, likageuka kama lilikuwa linasubiri kuruhusiwa.

Iizuka aliwapokea na karatasi ya muda, macho yamemtoka. Haukuwa muda wa kibao bado. Lakini ulikuwa muda bora kuliko yote aliyopata maishani, na mke ndani.

"Unaelewa maana yake?" alisema Iizuka. "Zamu ya mwisho ni baada ya chakula, dereva peke yake. Tutoe kiti. Ukibeba bati tupu, kibao ni chako. Nakuapia. Mama wa ofisini aanze kusaga wino."

"Toeni tu," alisema Fumie akifungua mfuko. "Nitakaa kivulini."

Walikula matonge ya wali, yaliyokuwa na samaki wa chumvi ndani. Yasuji hakusikia ladha yoyote. Alikwenda kupima upepo wa matairi kwa mara ya mwisho, akaenda msalani, akaazima spana kwa Iizuka.

Aliporudi, Fumie alikuwa ndani ya gari. Huenda aliingia kuweka mfuko, au kufunga kamba za viatu. Alikuwa amelala kwenye kiti cha abiria, chini ya kivuli cha banda, paa la gari likiwa wazi, kichwa kimelalia upande, mdomo wazi kidogo, helmeti imepakatwa. Alikuwa anakoroma kwa chini.

Yasuji alisimama na spana. Hakukumbuka lini alimwona mke wake amelala hivi. Usiku Fumie alilala na simu karibu na sikio, ikilia tu ameshakaa, mkono unatafuta miwani. Mara nyingine haikuwa imelia, akakaa vilevile. Sasa magari yalikuwa yakiwashwa kulia na kushoto, na hata kope haikutikisika.

Spika ya kiwanja iliita zamu ya mwisho.

"Mwamshe," alisema Iizuka, akija mbiombio. "Amekubali mwenyewe."

Yasuji alinyoosha mkono mpaka karibu na bega la mkewe. Alijua mambo yatakavyokuwa. Ataamka, ataomba radhi kwa kuchelewesha watu, atatabasamu, atakwenda kukaa kwenye saruji na kupiga makofi. Hatamlaumu leo wala kesho. Na hataupata tena usingizi huu, kwa sababu Jumatatu ni kiwanda na hospitali, na mwezi wa kumi mama yupo nyumbani, anahitaji kugeuzwa kitandani.

Akaurudisha mkono.

"Mwache."

"Munakata. Hakuna Jumapili nyingine."

"Najua."

"Ni bolti nne, rafiki yangu. Dakika tano."

"Najua ni bolti ngapi."

Iizuka alinyoosha mkono. Akaichukua spana yake taratibu, akaenda kuwasha gari lake.

Yasuji hakujiona mtu mwema hata kidogo. Alikitaka kile kibao. Alikitaka mpaka kifua kikamuuma, na magari yalipoanza kupita, moja baada ya jingine, aliwasikia wenzake wakifika kona ya tatu, akajua kwa sauti tu nani ameachia mafuta na nani hakuachia. Machozi yalimlenga, akaulaumu moshi wa ekzosi ingawa hakuna aliyemuuliza. Aliinama, akaketi kwenye kiti cha dereva polepole, asilitikise gari, akaweka mikono juu ya usukani kwa sababu hakujua pengine pa kuiweka.

Sauti za injini zilipungua, kisha zikanyamaza. Ukimya ndio uliomshtua Fumie. Alifumbua macho nusu, akatafuta miwani iliyokuwa usoni mwake.

"Zamu yako bado?"

"Bado," alisema Yasuji. "Lala kidogo."

Akalala. Nyuma yao watu walikuwa wanakunja maturubai, na Iizuka alikuwa uwanjani akikusanya koni za kuonyesha njia, akizipanga moja juu ya nyingine, bila kupiga kelele.