Kola ya Regina

Jumanne baada ya chakula cha mchana, akina mama wa darasa la ushonaji la Laare walikuwa kwenye ukumbi wa kanisa wakijifunza kutia zipu. Zipu humjaribu mtu imani. Ukiivuta sana kitambaa kinajikunja, ukiilegeza inapanuka, na wengi wa wanafunzi wale walikuwa watu wazima wenye wajukuu, wasiozoea kushindwa na kitu kidogo vile. Mwalimu Kagure alipita nyuma yao na tepu shingoni, akimwambia kila mmoja, "Fumua." Hapo ndipo alipoingia Regina, aliyezikwa kabla ya Pasaka. Alikuta mtu kwenye cherehani chake cha zamani karibu na dirisha, akasimama kando mpaka mtu huyo akahama.

Alikuwa amevaa gauni jeupe alilozikwa nalo. Darasa hilohilo ndilo lililolishona, mbiombio, kama mambo ya msiba yanavyofanywa, na kwenye pindo zilikuwamo bado nyuzi za kushikizia ambazo hakuna aliyekumbuka kuzitoa. Kagwiria, ambaye mdomo wake haujui Jumapili wala Jumatatu, alikuwa wa kwanza kuziona.

"Ghai! Kwani tulimzika na nyuzi?"

Mwalimu Kagure aliona haya. Gauni lile lilikuwa kazi ya kwanza ya darasa kutazamwa na umati wa watu, na sasa ilijulikana kwamba halikumalizwa vizuri. Akamletea marehemu kiti chenye mto.

Habari iliyotangazwa kanisani wakati wa mazishi ni kwamba Regina alianguka kutoka juu ya mti wa miraa. Mumewe, Thuranira, ndiye aliyeleta habari hiyo. Sasa, milima yote ya Nyambene inajua kwamba mwanamke hapandi mti wa miraa. Hachumi, haukwei, na wazee wengine hawataki hata apite karibu wakati wa kuchuma. Regina angepanda paa la kanisa kabla ya kupanda mti huo. Lakini Thuranira alikuwa mnunuzi mkubwa wa miraa na mzee wa kanisa, na vyerehani vyote vya ukumbi ule alivinunua yeye, pamoja na mabati yaliyovikinga na mvua. Kwa hiyo watu walitikisa vichwa wakasema miti ya siku hizi imekuwa mirefu. Naam, ndivyo walivyosema, watu wazima wenye vitambulisho.

Regina hakusalimia mtu. Alifungua mdomo mara moja, ikatoka hewa tu, akaufunga. Kisha akainama kutazama kitambaa kilichokuwa kwenye meza ya kukatia, na shingo ya gauni ikalegea, darasa zima likaona. Upande mmoja wa shingo yake kulikuwa na alama nyeusi za vidole vinne, na upande wa pili alama ya kidole gumba, ila gumba hilo lilikuwa fupi, limeishia katikati. Laare nzima kuna mtu mmoja tu mwenye gumba la namna hiyo. Panga lilimkata ujanani, na kila anapotoa sadaka watu huliona likishika bahasha.

Mwalimu Kagure alisogea, akainama, akatazama shingo ile kwa makini, akapima kwa tepu kutoka begani mpaka chini ya sikio.

"Hii shingo inataka kola," alisema.

Akina mama wakashusha pumzi. Somo la kola lilikuwa limepangwa baada ya zipu, wakaona hakuna ubaya likitangulia.

Mtu mmoja hakushusha pumzi. Huyo alikuwa Nelius, mwanafunzi mdogo kuliko wote, binti wa Marete, na kitambaa kilichokuwa mezani kilikuwa gauni lake la harusi. Alikuwa aolewe Agosti. Bwana harusi alikuwa Thuranira.

Wiki iliyofuata Regina alirudi, akachukua wembe kwenye mkebe wa vifungo, akakaa na gauni la Nelius mapajani na kulifumua. Alifanya kazi safi, bila kukwaruza kitambaa hata mara moja. Mpaka saa ya chai mikono ilikuwa imetoka na kiuno kimeachana na sketi. Mwalimu Kagure hakumkataza, maana haifai kumgombeza marehemu. Aliwaambia wanafunzi warudie, kwa kuwa kurudia ndiko kujifunza. Wakashona. Jumanne nyingine Regina akafumua. Wakaficha wembe, akafumua kwa meno.

"Huyu ni wivu tu inamsumbua," alisema Kagwiria, akishika pini midomoni. "Kwani huko walikompeleka hakuna kazi? Si amwachie msichana wa watu bwana!"

Wengine wakacheka kidogo, kile kicheko cha watu wanaojua. Walijua, ndiyo maana inachefua. Hakuna mmoja wao ambaye hakulisoma lile gumba. Wengine walikuwa wamekaa na Regina darasani akiwa hai, wakamwona akishona kwa mkono mmoja kwa sababu mwingine haukunyanyuka, wakamsifu kwa bidii yake. Mtu akikwambia watu wa mahali fulani ni vipofu, mwulize kwanza kama wamewahi kukosa kuona nyama ikigawanywa.

Siku kola ilipokuwa tayari kujaribiwa, Nelius ndiye aliyepewa kazi ya kuishikiza shingoni mwa Regina. Aliweka vidole vyake juu ya zile alama, kimoja kimoja. Vyake vilikuwa vyembamba, havikuzijaza. Regina aligeuza macho akamtazama, akaweka kiganja chake baridi juu ya mkono wa msichana, akakibakiza hapo mpaka Mwalimu Kagure aliposema kola imekaa upande.

"Mimi sitaki kuolewa na huyo mzee," Nelius alisema. Alisema kwa sauti ya kawaida, katikati ya ukumbi, saa tisa mchana.

Kwa muda mfupi hakuna aliyekanyaga cherehani. Kisha Kagwiria akakanyaga, chake kikanguruma, na vingine vikafuata, na baada ya hapo hata angesema mara kumi asingesikika.

Jioni hiyo Nelius alimkuta baba yake uani amekaa juu ya debe, anatafuna miraa.

"Baba, Regina hakuanguka."

"Najua," alisema Marete.

"Unajua?"

"Mwanamke atapanda miraa aende wapi? Kila mtu anajua." Alitema kijiti. "Lakini mimi nilishafungua ncoolo."

Ncoolo ni ule mzigo wa miraa ya posa, uliochaguliwa na kufungwa kwa majani ya mgomba. Mchumba huuleta kwa baba wa msichana, na baba hukaa nao kwanza. Anamwita mama, wanamwita binti, wanamwuliza, na binti akikubali ndipo kamba inapokatwa. Ikishakatwa, neno limekwisha. Hivyo ndivyo ilivyo, na ni desturi nzuri ikiwa mikononi mwa mtu mwenye akili. Marete aliletewa mzigo huo asubuhi ya mvua, siku ambayo hakuwa na kijiti cha kutafuna nyumbani, na akaona kupitia jani ile miraa nyekundu, laini, ya miti mikongwe, ambayo mkulima wa kawaida huipanda na kuiona ikienda uwanja wa ndege. Alikusudia kutoa kijiti kimoja tu. Binti yake alikuwa kisimani, mkewe sokoni. Waliporudi, mezani palikuwa na majani matupu ya mgomba na Marete alikuwa akiongea sana.

"Si ungerudisha nyingine, Baba. Useme ulikosea."

"Nirudishe nini? Nirudishe maganda?" Marete alikasirika kwelikweli, kama mtu aliyetukanwa. "Unataka wazee waseme Marete alishindwa kungoja? Nitaficha wapi uso wangu?"

Basi hapo ndipo maisha ya Nelius yalipowekwa kwenye mizani, upande huu shingo yake, upande ule uso wa Marete, uso ambao kusema kweli haukuwa kitu cha kutunzwa. Uso ukashinda. Mama yake alilia jikoni, akasema atamwombea, akaendelea kusonga ugali.

Thuranira mwenyewe alifika darasani Julai kuona maendeleo. Alikuja na soda na mikate. Alipita kati ya vyerehani akisalimia kila mtu kwa mkono, na alipofika dirishani alimkuta marehemu mke wake akitia vifungo.

"Mama Kendi, habari," alisema.

Regina alisimama. Kola ilikuwa ndefu, imetiwa wanga mpaka ikasimama kama kadibodi, nayo ilimfikia chini ya kidevu. Thuranira aliitazama kola hiyo, akaishika ukingo kwa lile gumba, akaisugua kuona kitambaa ni cha aina gani.

"Kazi nzuri hii, Mwalimu," alisema. "Imemficha kabisa makunyanzi."

Darasa likapiga makofi. Mwalimu Kagure aliyafuta machozi ya furaha, maana hakuwahi kusifiwa na mtu mkubwa hivyo. Thuranira aliomba jambo moja tu, kwamba Regina asogezwe mbali na dirisha kwa sababu wapita njia wanaona. Wanawake wanne wakakibeba cherehani chake mpaka kwenye kona ya nyuma, na Regina akawafuata akiwa na sindano mkononi.

Gauni la Nelius lilishonwa upya kwa mshono wa mara mbili na uzi wa nailoni, ule wanaoshonea magunia, na meno ya Regina hayakuuweza. Alijaribu mpaka darasa la mwisho.

Harusi ilijaa. Waliokosa viti walisimama madirishani, na mpiga picha alikuwa na kile kidege cha kamera kilichozunguka juu ya vichwa kikivuma. Wanafunzi wa ushonaji walivaa sare ya zambarau waliyojishonea, na kwa haki ilikuwa sare nzuri. Regina alikaa mstari wa tatu, miongoni mwao, kwenye nafasi waliyomwekea.

Pasta Mugambi, aliyemzika, aliuliza kama kuna mtu yeyote anayejua sababu ya hawa wawili kutounganishwa. Regina akasimama.

Pasta alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Hakuwa mtu wa kuruka taratibu.

"Mama Kendi, tumekuona. Lete neno lako."

Regina alifungua mdomo. Hewa ikatoka. Akapeleka mikono nyuma ya shingo kutafuta vifungo vya kola, na Kagwiria, aliyekuwa karibu, akaishika mikono hiyo kwa upole na kuirudisha chini, akimwambia kwa sauti ndogo, "Pole, mama, pole, watu wanatazama." Pasta alingoja kwa muda unaofaa. Kisha akaeleza, kwa faida ya wageni wote, kwamba pingamizi la ndoa huletwa kwa mdomo, na lisiposemwa haliwezi kuandikwa. Aliuliza kama kuna mwingine. Wanafunzi wote wa ushonaji walitazama viatu vyao. Pasta akamwomba Mama Kendi akae, kwani anamziba mpiga picha.

Regina alikaa.

Alipoulizwa kama anamkubali Nelius, Thuranira alijibu ndiyo kwa sauti iliyofika barabarani. Kisha Nelius akaulizwa, naye akajibu ndiyo, lakini watu wa nyuma walilalamika kwamba hawakusikia, na Pasta akamsogezea kipaza sauti akamwambia arudie. Akarudia.