Kalibu ya Lavonne

Wendell Traub alikuwa mtu wa kusafisha akiwa na huzuni. Mkewe Lavonne alipofariki mwezi wa Machi, alisugua jiko, akaosha gari la marehemu ndani na nje, kisha akaingia bandani na kushughulikia vifaa vya mkewe vya kusubu risasi za bunduki, yaani kuyeyusha madini na kuyamimina. Kalibu ndogo ya chuma, ambamo risasi hupata umbo, aliifungua, akaikwangua kwa kisu, akaipaka mafuta, akaifunga kwenye kitambaa safi. Alipomaliza alikaa juu ya ndoo akalia. Akaona walau ameitunza vizuri.

Kwa miaka thelathini na minane Lavonne ndiye aliyesubu na Wendell ndiye aliyepiga. Mkono wa Lavonne ulikuwa mtulivu. Alichota madini yaliyoyeyuka kwa upawa, akajaza kalibu bila kumwaga tone, akaifungua, risasi ikadondoka juu ya taulo kuukuu iking'aa. Kazi ya Wendell ilikuwa kuzisifia. Hata hivyo, sifa nyingi zilikwenda kwa bunduki, maana ilikuwa ya baba yake. Kila vuli, akiwa mkahawani mbele ya kahawa na chapati za maji, aliwatangazia wenzake kwamba bunduki ya baba haichagui risasi. Wenzake walikuwa wamemsikia mpaka wamechoka, wakawa wanamalizia sentensi kabla yake.

Mwaka huu jina lake lilitoka kwenye bahati nasibu ya vibali vya kuwinda kulungu wa nyanda za juu. Alikuwa ameomba miaka kumi na mmoja mfululizo, na sasa ana sabini na minne. Kupata kingine, hiyo asahau.

Basi akasubu mwenyewe. Akaunguza kidole, akamwaga, akarudia, mpaka akapata risasi ishirini za kutazamika. Akaenda kuzijaribu kwenye karatasi ya shabaha. Badala ya matundu ya mviringo alikuta mipasuko mirefu. Risasi zilifika zimelala ubavu. Zilikuwa nyembamba, mtutu haukuzishika wala kuzizungusha, zikapinduka hewani. Kulungu akipigwa hivyo hukimbia na jeraha lake akafie mbali, siku ya tatu au ya nne. Wendell aliwahi kumkuta mmoja wa namna hiyo kwenye uzio wake, na hajamsahau. Akaapa kwamba risasi zisiponyooka kabla ya msimu wa uwindaji kufunguliwa, kibali atakitia jikoni kiungue. Zilibaki siku tisa.

Jirani yake, Lyle Ostby, fundi mstaafu wa karakana ya reli, akaja na kikopo cha dawa ya kusagia chuma.

"Kalibu yako imesinyaa, mzee," alisema. "Kama mwenyewe."

"Chuma hakisinyai, Lyle."

"Haya, wewe ndiye umesinyaa peke yako. Risasi zako ni nyembamba. Tunapaka hii humo ndani, tunazungusha, tundu linapanuka kidogo. Nusu saa tu."

"Tukizidisha?"

"Tukizidisha ndiyo basi tena. Chuma kikishaliwa hakirudi."

Wendell aliitazama kalibu mkononi mwa Lyle akahisi kama anaombwa auze pete ya mkewe. Lakini siku zilikuwa zinakwisha. "Ngoja kwanza kahawa," alisema, akaingia jikoni.

Kwenye kizingiti cha dirisha kulikuwa na kikaratasi cha Lavonne cha vipimo vya pai ya tufaha, na juu yake, kuzuia kisipeperuke, risasi moja. Miezi saba ameipita asubuhi na jioni bila kuiona. Akaichukua, akarudi nayo bandani.

"Pima hii."

Lyle akaitia kwenye maikromita yake, kile kipimo cha unene, akainua nyusi. Akapima moja ya Wendell, akarudi kwa ile ya Lavonne. Ya Lavonne ilikuwa nene kwa unywele mmoja, labda pungufu.

"Ni ya kalibu nyingine hii."

"Ni hiyo hiyo," alisema Wendell. "Ona mkwaruzo karibu na kitako. Na yangu inao, pale pale."

Lyle akakifunga kikopo chake. Fundi anajua wakati wa kuweka vifaa chini.

Wendell akampigia simu binti yake, Renae, anayekaa Spokane.

"Tepe umeweka, baba?" aliuliza Renae baada ya kumsikiliza.

"Tepe gani?"

"Ile ya bati laini. Mama alikuwa anabandika vipande vidogo kwenye uso wa kalibu, pale nusu zake mbili zinapokutana, ili isifunge kabisa na risasi itoke nene. Kuvikata ilikuwa kazi yangu tangu nina miaka sita. Vinaungua vinakuwa vyeusi, lakini vinashika."

Wendell alikumbuka kisu chake, na vile viganda vyeusi alivyodhani ni uchafu, na jinsi alivyofurahi vilipobanduka.

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema babu hakuwa anaisafisha ile bunduki, mtutu ukaliwa na kutu ukapanuka. Alisema ukijua utaitundika ukutani, usiende tena mlimani. Na mlimani ndipo mahali pekee unapoongea na mtu, baba. Maneno yake hayo, mimi simo."

Wendell aliona aibu, kisha akamkasirikia Lavonne, na hasira hiyo ikamchosha haraka kwa kuwa hapakuwa na wa kugombana naye. "Tepe yenyewe iko wapi?"

"Kwenye kopo la vifungo."

Ilikuwa humo kweli, pamoja na mkasi mdogo. Jaribio la kwanza alibandika upande mmoja tu, risasi ikatoka na ubapa.

"Hiyo ya kupigia samaki," alisema Lyle.

"Shika tochi, acha maneno."

Akabandika upya, vipande vinne, kila pembe kimoja. Walipopima, maikromita ilisoma sawa na ile ya dirishani. Kesho yake alipiga tano. Matundu matano ya mviringo, na kikombe cha kahawa kingeyafunika yote. Ile ya Lavonne hakuipiga, aliirudisha juu ya kikaratasi cha pai.

Siku ya tatu ya msimu, kulungu alianguka pale pale alipokuwa amesimama. Wendell alivua kofia akakaa naye kidogo kabla ya kutoa kisu.

Jumapili mkahawa ulijaa. Lyle alikwishaeleza habari ya kulungu meza tatu, ila ya tepe aliimeza, maana hiyo haikuwa yake. Mtu mmoja wa meza ya nyuma akamcheka Wendell kabla hajafungua mdomo.

"Tunajua, tunajua. Bunduki ya baba haichagui risasi."

Wendell aliweka uma chini.

"Inachagua," alisema. "Miaka thelathini na minane Lavonne alikuwa anaichagulia, nami sikujua."

Lyle akamsogezea sukari, ingawa Wendell hatumii sukari, naye akatia kijiko kimoja.