Makundi Matatu ya Mwalimu Mmoja

Ukungu ulikuwa bado umelalia mashamba ya viazi pale Mwalimu Cresensia Mligo alipowatoa nje wanafunzi wa darasa la tatu na kupiga makofi.

"Makundi manne ya watatu!"

Watoto wakakimbia huku na huko wakishikana mikono. Aliyekosa kundi ndiye aliyetakiwa kutaja jibu mbele ya wote, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuaibika, kila mmoja alikuwa anakuja na jibu lake tayari.

"Kumi na mbili!" wakapaza sauti hata waliokuwa na kundi.

Ilikuwa shule shikizi, kando ya barabara ya kutoka Njombe kwenda Makambako, yenye madarasa matatu na mwalimu mmoja. Siku Cresensia alipofika kutoka kwao Mawengi aliambiwa wenzake wawili wako njiani. Mwaka wa pili ulikuwa unaisha na walikuwa bado wako njiani. Akiwa nje na la tatu, la pili lilipigana na la kwanza lilisinzia.

Asubuhi hiyo Rehana, binti wa dereva wa Fuso aliyehamia kutoka Makambako, alinyoosha kidole.

"Madamu, makundi matatu ya mwalimu mmoja ni ngapi?"

"Darasa, mjibuni."

"Watatu!"

Wakawa watatu. Mmoja alibaki palepale uwanjani. Wa pili, amevaa sweta lilelile lililofumuka kiwikoni, akaingia kuwaamua la pili. Wa tatu akaenda kuwaamsha la kwanza.

"Vizuri, Rehana," akasema aliyebaki. "Haya, makundi matano ya wawili!"

Jioni, wakati wa kufunga mlango, walirudi kuwa mmoja. Cresensia alikuwa amekauka koo kwa masomo ya madarasa yote, na usiku huo alikula ugali wa watu watatu. Kesho yake watoto wakasema tena, ikawa vilevile. Mzee Nikodemo, mwenyekiti wa kitongoji, alipowakuta watatu wanakunywa uji barazani, alisema, "Kamwene, walimu," kisha akaagiza wazazi waongeze kuni.

Kabla ya mahindi kuvunwa, hata la kwanza walikuwa wanazidisha. Shule ikaalikwa kwenye mashindano ya hesabu mjini Makambako. Wenyeji walikuja na soksi nyeupe na ngoma. Msimamizi aliuliza saba mara nane, na kabla hajafumba mdomo Rehana na wenzake walikuwa wameshajibu. Cresensia, aliyekuja wote watatu, alipiga makofi kwa mikono sita. Njia nzima ya kurudi hakuacha kutabasamu, na dereva wa basi akadhani amebeba ndugu wanaotoka harusini.

Ushindi huo ulimleta afisa wa elimu. Alichungulia kila darasa, akakuta kila darasa linafundishwa.

"Naona mko watatu," alisema.

"Ni mimi, mheshimiwa," Cresensia akajibu kutoka kwenye milango mitatu. "Bado naomba wale wawili."

"Najua ni wewe." Afisa alisema kwa upole kabisa. "Lakini upungufu hapa siuoni. Makambako kuna darasa watoto wanakaa wenyewe tangu Januari. Nitaondoka na mmoja."

Cresensia aliwafikiria watoto wanaokaa wenyewe. Yule wa darasa la pili akachukua mkoba wake, akawaachia wanafunzi zoezi, akapanda gari.

Kesho yake asubuhi alikuwa mmoja. Rehana akauliza, darasa likajibu, wakawa watatu. Ila sasa, mara mojamoja, Cresensia alisimama ghafla chaki ikiwa hewani, akacheka peke yake. Huko Makambako mtoto fulani alikuwa ameipata sita mara tisa.

"Amepata?" Rehana akauliza.

"Amepata."

Darasa zima likapiga makofi.

Mwezi uliofuata afisa alipiga simu. Alihitaji mwingine, wa shule moja njia ya Bulongwa.

"Kuna uwanja wa watoto kukimbia?" Cresensia aliuliza.

"Uwanja upo, mwalimu. Mkubwa tu. Mwalimu ndiye hakuna."

"Basi njoo umchukue," alisema, akatoka nje akiwa amenyoosha mabega, akapiga makofi.