Mazishi ya Tseko

Tseko Tladi alikaa siku kumi na tisa katika chumba cha maiti kabla mahakama haijaruhusu azikwe kwenye shamba alikozaliwa. Mwenye shamba, Bwana Van Niekerk, alikataa katakata. Alisema ardhi ni yake, na makaburi ya watu weusi yako mjini. Zamani maneno hayo yangetosha. Lakini bunge jipya, lile ambalo Mamokete, mke wa Tseko, alipanga foleni kutwa nzima kulipigia kura, lilikuwa limetunga sheria: aishiye shambani ana haki ya kumzika mtu wake pale walipolala wazee wake. Mwanasheria wake, binti aitwaye Kedibone, alimsomea hukumu kwa Kisotho kwenye ngazi za mahakama, naye Mamokete akalia mbele za watu bila kujali.

Ijumaa akaenda bombani kuwaalika majirani. Wanawake wakainamia ndoo zao. Mosela, rafiki yake tangu usichana, ndiye aliyejibu.

"Mzungu kasema atakayeonekana kaburini asije kazini Jumatatu."

"Hata wewe, Mosela?"

"Dada, sheria ni yako. Kazi ni yetu sisi."

Kesho yake walikuwa wanne: Mamokete, mchungaji, na wachimba kaburi wawili kutoka mjini. Wimbo aliuanzisha mwenyewe, na sauti yake ikapotelea kwenye upepo wa nyanda. Alikuwa amepika masufuria matatu ya makande. Kuku walikula siku nne.

Baada ya hapo hakuna aliyemfukuza, maana nyumba nayo ilikuwa yake kisheria mpaka kufa. Ila salamu zilikwisha. Alipofika bombani, wenzake walikumbuka shughuli nyingine. Akazoea kwenda kung'oa magugu kaburini na kumsimulia Tseko habari za mvua.

Ikapita miaka miwili. Alasiri moja Mosela akasimama mlangoni. Mumewe alikuwa anakohoa damu, hawezi kazi tena, na walipewa mwezi mmoja wahame.

"Namba ya yule binti wa sheria unayo bado?"

Mamokete akamwandikia kwenye kipande cha karatasi. Akamwambia aketi, chai iko motoni.

"Wataniona," Mosela akasema.

Akaitia karatasi kifuani, akapita njia ya mahindini. Mamokete akabaki mlangoni akimtazama, mpaka mahindi yakamfunika.