Vidole vya Bi Mashavu

Mjinga siku ile nilikuwa mimi, wala sitafuti wa kugawana naye.

Dada yangu Time alinituma Jang'ombe kumposea mwanawe, Suhaib, binti aitwaye Salhiya. Kwetu habari za ukoo huulizwa mapema, kwa majirani, tena kwa kunong'ona. Posa ikishaingia ukumbini ni chai na kusifiana tu. Ile kazi ya majirani mimi niliiruka. Jua kali, na nilijiona mcheshi wa kutosha.

Mama wa binti, Bi Mashavu, akaniletea kikombe amekibana kwa viganja viwili.

"Bi Mashavu, chai hiyo au unaiombea dua?"

Hakucheka mtu. Alipokiweka ndipo nikaviona vidole: vimevimba vifundoni, vimekwenda upande. Maisha yameshanichapa vya kutosha kujua pa kunyamaza. Lakini haya ikinishika, mimi ndio kwanza huzidisha maneno.

"Samahani. Baridi yabisi?"

"Ndiyo. Mwaka wa tisa huu."

"Na... huenda kwa watoto? Maana Salhiya..."

Nyuma ya pazia kijiko kikaanguka. Nikajua binti mwenyewe anasikia.

"Shamsi, kunywa chai," akasema Mzee Hamad, niliyefuatana naye, huku akinikanyaga mguu.

Bi Mashavu akakaa taratibu, mikono mapajani, hakuificha.

"Mwache aulize. Mimi mwenyewe nshamuuliza daktari, kwa kuwaogopea wanangu. Kasema kinachoweza kupita katika ukoo ni ule wepesi wa kuyapata, si lazima maradhi yenyewe. Mama yangu kafa vidole vimenyooka. Dada zangu watatu wazima. Salhiya mzima. Kesho yake siijui, kama wewe usivyoijua ya Suhaib."

Hapo ningeomba radhi, nimeze chai yangu, yaishe. Suhaib alikuwa nyumbani anasubiri simu, kanyoa ndevu tangu asubuhi kama anayeposa yeye mwenyewe. Nikafungua tena mdomo.

"Usinielewe vibaya, Bi Mashavu. Nawafikiria wajukuu tu."

"Hata mimi nawafikiria," akasema. "Vidole vyangu nshavipeleka kwa daktari. Huo ulimi wako, Bwana Shamsi, Suhaib kaurithi, au umeishia kwako?"