Dabba Zisizopikwa na Hemangi

Mnajua kuwa chakula mnacholetewa siku hizi hakikupikwa na Hemangi, na bado mnageuza uso. Mimi sisahau.

Hemangi ndiye aliyeulisha mtaa wetu hapa Pune, mikate ya bhakri na dengu ndani ya dabba, mikebe ya chakula aliyoipeleka nyumba kwa nyumba. Alipochoka kubisha hodi kila mwezi kudai malipo, alitaka kufungua akaunti ya biashara kwa jina lake. Shrirang, mtoto wa kaka yake, akamcheka.

"Shangazi, foleni ya benki utaiweza na magoti hayo? Tumia akaunti yangu. Wateja wakiidhinisha mara moja kwenye simu, hela inajikata yenyewe kila mwezi."

"Na mimi itanifikia?"

"Ah, Shangazi! Mimi mwizi?"

Kila sikukuu ya Diwali Hemangi alikuwa akimpaka Shrirang mafuta kwa mikono yake, kama mwanawe. Akakubali.

Shrirang akaajiri mpishi, akafungua jiko lake, akaanza kuwaletea ninyi dabba zake. Hela zenu zikaendelea kukatwa, zote zikabaki kwake. Hemangi alipouliza, akajibiwa, "Wateja ni wangu, wako kwenye simu yangu."

Sasa Hemangi ana akaunti yake. Toeni simu zenu sasa hivi, futeni idhini ya Shrirang, mumwidhinishe Hemangi.