Msilete Buti Kwenye Hoja ya Mtoto

Uvumi ulinikuta nyumbani Walukuba, hapa Jinja, nikichoma chapati: ati Nulu wangu, anayesoma Mbale, atarudishwa darasa kwa sababu malaria ilimkosesha mtihani. Niliufukuza, ukarudi. Asubuhi nikapanda gari.

Kufika shuleni Nabuyonga, ni kweli. Ila mwalimu wake, Annah, alikuwa amemwambia aandike hoja kwa mkuu wa shule, apewe mtihani mwingine. Niliwakuta kazini.

"Nulu, ukurasa mzima umepiga magoti," mwalimu alisema. "'Naomba sana, Mungu atakubariki.' Sababu iko wapi?"

"Mwalimu, si heshima hiyo?" nikaingilia.

"Heshima mstari mmoja unatosha, mama. Nulu, mkuu atakataa kwa nini?"

"Atasema wengine nao watajifanya wagonjwa."

"Basi mjibu kabla hajasema."

Mtoto akaandika: wapewe wale tu wenye cheti cha kliniki, kama yeye, tena kwa maswali mapya. Akaongeza alama zake za muhula uliopita. Hata mimi niliyeishia darasa la saba nilikubali.

Mkuu alisoma mbele yetu. "Hili la maswali mapya ni zuri," akasema, akatafuta kalamu.

Mara mlango ukafunguka. Baba Nulu! Siraj, niliyemwacha Jinja nikamwambia atulie, kamleta rafiki yake, Afande Opio wa magereza, na buti zake na Kiswahili cha kambini.

"Bwana mkuu! Mtoto anafanya mtihani ama hafanyi?"

Mkuu akaweka kalamu chini. "Afande, umekuja kunikamata?"

"Nauliza tu, bwana."

"Nikitia sahihi sasa, walimu watasema nimeogopa buti. Atarudia darasa. Kwaherini."

Nje, Siraj ananiambia ati alitaka kuongeza uzito. Uzito! Nulu alibeba kiti chake akaenda kukaa na wale wadogo atakaorudia nao darasa.

Basi nyinyi wazazi wenzangu, mtoto akiandika hoja:

Usimwandikie.
Usimjazie ukurasa maombi na baraka.
Usimwache aruke swali ambalo mkubwa atauliza.
Usimtume mtu wa sare, wala shehe, wala diwani.
Usiingie ofisini wakati hoja bado inasomwa.
Na kama mumeo ana marafiki kama wa Siraj, usimwambie siku.